Zigzag ya mkono, mashine ya darizi ya kompyuta, au mbili kwa moja: ipi imfae mshona mifarishi wa nyumbani Mombasa?

Mtu anayeshona mifarishi na kudarizi kwa mapenzi yake, si kwa oda za watu, hufika mahali cherehani moja ya mshono mnyoofu haimtoshi tena. Hapo wauza duka wa Biashara Street na jamaa walioko Dubai au Marekani huanza kumshauri, na ushauri huzunguka bei na idadi ya maua yaliyomo ndani ya mashine. Idadi ya maua ndicho kigezo dhaifu kuliko vyote: utatumia matano, mengine hutayafungua. Cha kuuliza ni ukubwa wa fremu inayoshika kitambaa cha kudarizi, nafasi iliyopo kati ya sindano na shingo ya mashine, na kama kushona na kudarizi vinaweza kwenda kwa wakati mmoja.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni cherehani ya zigzag, yaani ile ambayo sindano yake huyumba kushoto na kulia, na darizi yake unaiongoza kwa mikono. Ya pili ni mashine ya kompyuta isiyofanya lolote ila kudarizi. Ya tatu ni ile inayoshona na kudarizi, maarufu kwa jina la mbili kwa moja.

Kazi ya kupimia

Tuzipime kwa kazi moja inayoeleweka: mfarishi wa mtoto wa sentimita 90 kwa 120. Viraka vya sentimita 15, sita kwa upana na vinane kwa urefu, jumla 48. Kumi na viwili vya kitambaa kitupu vina darizi, 36 ni vipande vya leso. Vipimo hivi vina sababu: leso ni takriban sentimita 150 kwa 110, na mgongo wa mfarishi hukatwa kwa sentimita 105 kwa 135 ili pande zote zibaki na ziada ya saba na nusu. Kwa hiyo leso moja inatosha mgongo bila kuungwa. Ukipanua mfarishi hadi sentimita 100 tu, utalazimika kuunga.

Kiraka kinakatwa sentimita 16.5, yaani milimita 7.5 za mshono kila upande. Mshono ukizidi milimita moja, kila unganisho linakula milimita mbili, na kwenye safu ya viraka sita yenye maunganisho matano umeshapoteza sentimita nzima. Safu moja ikizidi na nyingine ikapungua, pembe hazikutani hata upige pasi vipi. Bandika utepe wa karatasi kwenye bamba la mashine, milimita 7.5 kutoka kwenye sindano, uufuate huo na si macho.

Leso zioshwe kwanza, kila rangi peke yake, mpaka maji yatoke safi. Leso mpya ina wanga na rangi ya ziada; nyekundu ikikutana na kiraka cheupe ndani ya beseni, darizi yako yote inageuka waridi.

Zigzag ya mkono

Hapa kuna mashine za aina mbili. Moja ni zigzag ya nyumbani, yenye mshono unaofika upana wa milimita 5 au 7. Nyingine ni ya kiwanda, ya aina ya Singer 20U na zilizoigwa kutokana nayo, inayokaa kwenye meza yake na mota chini. Hii ya pili ndiyo mafundi wengi wa darizi wanayoijua, na baadhi yake zina mkono wa goti wa kupanua na kupunguza zigzag huku mashine ikienda. Ukiona jani la darizi lililoanza jembamba, likanenepa, likaishia ncha kali bila alama ya kusimama, ujue ni goti la fundi lililofanya kazi. Kompyuta hufanya vivyo hivyo, lakini kwa mchoro ulioandaliwa mapema.

Namna ya kufanya ni hii. Teremsha meno yanayosukuma kitambaa. Mashine isiyo na kifungo cha kuyateremsha huwekewa kibati cha kuyafunika. Toa futi ya kawaida, yaani kile kimguu kinachobana kitambaa chini ya sindano, tia futi ya darizi yenye springi. Weka urefu wa mshono kwenye sifuri. Tandika kitambaa kwenye fremu ya duara ya mbao ya sentimita 15 hadi 18, lakini kinyume na darizi ya mkono: kitambaa kilale juu ya bamba, pete ibaki juu yake. Funga pete ya ndani kwa utepe wa pamba, la sivyo kitambaa kitateleza kidogo kidogo na mwisho wa ua hautakutana na mwanzo wake. Vuta uzi wa bobini, yaani uzi wa chini, uje juu, piga mishono mitatu papo hapo, kisha kata mikia.

Kosa la kila mtu ni kwenda taratibu kwa mguu na haraka kwa mikono. Mishono huwa mirefu, na kwenye kona vitanzi hutokea chini. Fanya kinyume: mashine iende mbio ya kadiri, mikono ipole. Sindano ikivunjika mara kwa mara, tatizo kwa kawaida si sindano. Umeivuta fremu wakati sindano iko ndani ya kitambaa, ikapinda, ikagonga bamba. Mishono ikiruka, kitambaa kinapanda na sindano kwa sababu fremu imelegea.

Kwa mfarishi wetu, zigzag ina faida moja ambayo nyingine hazina: ustadi ule ule wa kuongoza fremu ndio utakaotumia kufungia tabaka tatu za mfarishi (uso, pamba na mgongo) pamoja. Aliyezoea kuzungusha jani kwa mkono hapati shida kutembeza mistari ya mawimbi juu ya pamba. Mashine inayoshona darizi peke yake haimfundishi mtu chochote katika hilo.

Udhaifu wake ni herufi. Jina la mtoto mara 12, herufi zote sawa, si kazi ya mwanafunzi. Tarajia wiki kadhaa za vitambaa vya majaribio kabla jina halijasomeka bila kuinamisha kichwa. Na 20U yenyewe si rafiki wa nyumba ya ghorofa: mota ya klachi huunguruma wakati wote hata kama hushoni, na nusu farasi ni kama wati 370. Ukiipenda 20U, ibadilishie mota ya servo, inayonyamaza ukiondoa mguu.

Kompyuta ya darizi tu

Mashine hizi zinatofautiana kwa fremu kwanza, mengine baadaye. Brother PE535 inadarizi eneo la milimita 100 kwa 100. PE800 inafika 130 kwa 180. Janome Memory Craft 500E inafika 200 kwa 280. Mtu akisikia sentimita 10 huona zinatosha ua, na kweli zinatosha. Kisha anataka kuandika HONGERA. Herufi saba za upana wa milimita 15, na nafasi ya milimita mbili kati yake, ni milimita 117. Haiingii. MWANAISHA ni milimita 151, inataka fremu ya 180 au zaidi. Unaweza kupunguza herufi, lakini ikishuka chini ya milimita tano za kimo matundu ya A na R huziba.

Jihadhari na fremu ndefu inayouzwa kwa mashine ndogo kama "nyongeza". Eneo la kudarizi halijaongezeka. Unashona sentimita 10, unahamisha fremu kwenye vishikizo vyake, unashona 10 nyingine, na mchoro wenyewe lazima uwe umegawanywa kwenye programu.

Kasi nayo haina uzito unaodhaniwa. Ua lililojaa la sentimita 10 kwa 10 lina kama mishono 12,000. PE535 inakwenda mishono 400 kwa dakika: dakika 30. PE800, kwa mishono 650, ni chini kidogo ya dakika 19. Ongeza kubadilisha rangi nne na kutandika fremu, dakika 10 hivi kwa zote mbili, maana mikono yako haina toleo la kasi. Viraka 12 ni saa nane kwa moja na karibu saa sita kwa nyingine. Tofauti ipo, lakini mimi ningelipia fremu kabla ya kulipia kasi.

Kiraka cha kudarizi usikikate kwa kipimo cha mwisho. Kata sentimita 20, darizi katikati, piga pasi kwa nyuma, ndipo ukipunguze kiwe 16.5. Sababu mbili: fremu inahitaji kitambaa cha kushika pande zote, na mishono elfu kumi na mbili huvuta kitambaa kikapungua. Aliyekata kwanza huishia na viraka 12 vidogo kuliko vile 36.

Kinachoharibika zaidi ni mpaka wa ua kuachana na ndani yake, ukaonekana ufa mweupe upande mmoja. Watu hulaumu mchoro. Mara nyingi kosa ni vilini nyepesi, yaani tabaka la kutegemeza linalowekwa chini ya kitambaa, au kitambaa kilichovutwa baada ya fremu kukazwa. Tandika kitambaa na vilini pamoja, kaza skrubu, gonga kwa kidole: kinatakiwa kitulie kama ngoma isiyovutwa sana, nyuzi za kitambaa zikiwa zimenyooka. Zikipinda, fungua uanze tena.

La pili ni fundo kubwa la uzi chini ya bamba, mishono michache tu baada ya kuanza. Hapo uzi wa juu ulitiwa futi ikiwa imeteremshwa. Futi ikiwa chini, visahani vya kukaza vimefungwa na uzi hupita juu yake badala ya kuingia kati. Inua futi, toa uzi wote, utie upya. Usianze kuchezea mkazo wa bobini kabla ya hapo.

Mkazo hupimwa kwa mshono mnene wa upana wa milimita nne hivi. Geuza kitambaa: uzi mweupe wa bobini uonekane katikati, ukichukua theluthi moja ya upana, na rangi ya juu ikijitokeza kingo mbili. Mweupe ukijaa, uzi wa juu umekazwa mno. Usipoonekana kabisa, umelegea.

Kuhusu michoro: picha ya JPG si mchoro wa darizi. Brother husoma faili za PES, Janome husoma za JEF, na mashine za kiwanda za mjini hutumia DST, ambayo haihifadhi rangi. Ukiifungua kwenye mashine inayoikubali, jani huweza kutokea buluu, nawe ushone kwa rangi uitakayo. Kuna programu ya bure, Ink/Stitch, inayofanya kazi ndani ya Inkscape, ya kugeuza mchoro wa mistari kuwa mishono. Kwa anayechora mapambo ya leso mwenyewe inatosha kabisa. Mchoro usipotokea kwenye kioo cha mashine, kabla ya kulaumu flashi, angalia kama umezidi fremu hata kwa milimita moja.

Mbili kwa moja

Brother SE600 ndiyo mfano unaojulikana: inashona kwa kasi ya mishono 710 kwa dakika, inadarizi 400, fremu sentimita 10 kwa 10. Kwa aliye na chumba kimoja na meza moja, inavutia.

Irudishe kwenye mfarishi wetu. Saa nane za darizi ni saa nane ambazo viraka 36 vya leso vimekaa kando vikisubiri. Mwenye mashine mbili angekuwa ameshaunga safu huku ile nyingine ikidarizi, akiinuka tu kubadilisha rangi. Tena kila ukibadili kazi unatoa kifaa cha darizi, unabadili futi, sindano na bobini, na mkazo unautazama upya. Na bodi ya umeme ikiungua, huna pa kudarizi wala pa kushona. Cherehani ya kawaida iliyotumika na kompyuta ndogo ya darizi pembeni yake ni mpango bora kuliko mbili kwa moja karibu kila mara. Aliyebanwa na nafasi kweli kweli ndiye wa kuichukua.

Kufunga tabaka

Hapa kompyuta inaachwa nyuma. Inawezekana kufungia mfarishi ndani ya fremu, kiraka baada ya kiraka, lakini pamba iwe nyembamba, na kila kiraka utaweka alama ya kati mbele na nyuma.

Kwa cherehani, tandaza mgongo mezani uso ukitazama chini, ubandike kingo kwa utepe, weka pamba bapa, kisha uso wa mfarishi. Funga kwa sefti pini kila sentimita 10, kuanzia katikati kwenda nje. Kwa joto la Mombasa pamba ya gramu 80 hadi 100 kwa mita mraba yatosha; nene zaidi, mfarishi utakaa kabatini mpaka Juni. Mistari minyoofu ishonwe kwa futi ya kutembea, meno yakiwa juu, mshono wa milimita tatu, sindano namba 14. Futi ya kawaida husukuma tabaka la juu mbele na kuacha mikunjo mgongoni. Mawimbi na maua, teremsha meno.

Nafasi ya shingo ndiyo mpaka. Cherehani nyingi za nyumbani zina kama sentimita 16. Ukianzia katikati, mfarishi wa upana wa 90 unaingiza 45 zilizokunjwa mviringo, na zinapita. Mfarishi wa kitanda cha mita mbili unaingiza mita nzima. Unaweza, lakini utakuwa unapigana na kitambaa, na mishono itaonyesha. Kwa mifarishi mikubwa ya mara kwa mara tafuta mashine ya shingo ndefu.

Umeme na mashine ya ng'ambo

Kenya ni volti 240. Mashine iliyonunuliwa Dubai au Uingereza huja na volti zinazolingana na plagi ile ile ya miguu mitatu bapa. Ya Marekani ni volti 120. Adapta ya plagi hubadilisha umbo la miguu tu, haishushi umeme. Ukichomeka hivyo, bodi inaungua mara moja. Soma kibandiko kilicho karibu na swichi. Kikisema 120V, tumia transfoma ya kushusha, ya wati 200 au zaidi kwa mashine ya nyumbani, na uiache imefungwa na mashine hiyo daima ili mtu asije akaichomeka moja kwa moja.

Umeme ukikatika katikati ya ua, zigzag haina hasara. Kompyuta nyingi hukumbuka mahali zilipoishia, ila fremu isitolewe, na ukirudi uanze mishono 10 nyuma ili uzi ushikane. Chomoa plagi mpaka umeme urudi na utulie, maana mshtuko wa kurudi ndio unaoua bodi.

Uzi, vilini na hewa ya chumvi

Uzi wa darizi wa kawaida ni namba 40, sindano ya darizi namba 11. Chagua polyester kuliko rayoni. Rayoni inang'aa kwa upole zaidi, lakini hudhoofika ikilowa na hupoteza rangi kwenye Jik, na nguo za mtoto zitapitia Jik siku moja. Kadiria mita tano za uzi kwa kila mishono 1,000: ua letu ni mita 60, viraka 12 ni mita 720, na bobini hula kama theluthi ya hapo. Koni kubwa za mafundi ni nafuu kwa mita. Haziingii kwenye mashine ya nyumbani, basi isimamishe koni nyuma yake na uzi upande juu kwanza, kwa kijiti chenye kitanzi.

Vilini ya kuchanika inafaa kitambaa kigumu cha pamba. Ya kukatwa na mkasi inafaa fulana na kitambaa chochote kinachonyumbulika. Ile inayoyeyuka majini, ya kuweka juu ya taulo, ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa, kwani unyevu wa masika huilegeza kabla hujaitumia. Gazeti si mbadala: wino wake huhamia kwenye kitambaa cheupe.

Usiache sindano ndani ya mashine wiki nzima; hapa hushika kutu, na kutu huchana uzi. Ndoano inayozunguka bobini kwenye zigzag inataka tone moja la mafuta ya cherehani baada ya kila bobini chache, si mafuta ya nazi, ambayo hunata na kukusanya vumbi la pamba. Kompyuta ni kinyume: vitabu vingi vya mashine hizo humkataza mwenyewe kutia mafuta, na kazi yako ni brashi tu.

Kabla ya kulipa

Anayeanza na mfuko mwepesi achukue zigzag ya nyumbani yenye kifungo cha kuteremsha meno. Anayetaka majina na maua yanayofanana, na tayari ana cherehani ya kushonea, aongeze kompyuta ya fremu ya 130 kwa 180. Mwenye kazi mbili tatu za majina kwa mwaka hahitaji mashine. Fundi wa mjini mwenye mashine ya sindano nyingi hulipisha kwa wingi wa mishono, naye umpelekee viraka vya sentimita 20 ambavyo havijakatwa.

Ukienda kutazama iliyotumika, nenda na vitambaa vyako: kipande cha leso, na leso nyingine iliyokunjwa mara nne na pamba katikati. Beba uzi wako namba 40 na sindano mpya. Shona kipande chembamba, halafu kinene, bila kugusa mkazo, na utazame chini. Zungusha gurudumu kwa mkono: ligumu mahali pamoja tu, chuma kimepinda. Teremsha meno uone kama yanateremka kweli. Kwa kompyuta, agiza idarizi mraba mtupu wenye mpaka, siyo ua lililomo dukani. Pembe nne zisipokutana, mkono wa fremu umelegea. Omba fremu zote, na kibweta cha bobini cha akiba. Fremu iliyopotea ya toleo la zamani huweza kukutafutisha miezi.